Ukumbusho Unaotaka Kupaliliwa

Kwenye mzunguko wa Barabara ya Samora, katikati ya Dar es Salaam, askari wa shaba ameshika bunduki yenye singe tangu mwaka 1927. Nairobi na Mombasa nazo zina askari wao, waliowekwa kuwakumbuka Waafrika waliokufa katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Aliyefia vitani alitengewa kiwanja na kujengewa jukwaa la mawe, na mtoto anayepita hapo lazima atauliza huyu ni nani. UKIMWI umeua mamilioni ya watu katika nchi hizi hizi ndani ya miaka arobaini, lakini ni vigumu kutaja mahali pa wazi katikati ya miji yetu ambapo mtu anaweza kwenda, akakaa, akasema bila kunong'ona kwamba ndugu yake alikufa kwa ugonjwa huu. Makala haya yanatetea jambo moja. Jamii iliyopigwa na maradhi inahitaji mahali pa pamoja pa kuwakumbuka waliougua na waliowauguza, na inafaa mahali hapo pawe bustani kuliko mnara. Mnara ukishazinduliwa unajisimamia wenyewe. Bustani isipopaliliwa hufa, kwa hiyo huwalazimu watu kurudi, kushika majembe pamoja, na katika kufanya hivyo kulitaja lile ambalo wangelificha.

Mfano ulio wazi zaidi uko San Francisco, katika jimbo la California nchini Marekani. Taarifa ya kwanza ya kitabibu kuhusu ugonjwa huu ilitolewa tarehe 5 Juni 1981, ikieleza habari za vijana watano wa Los Angeles waliopatwa na nimonia isiyo ya kawaida. Katika miaka iliyofuata San Francisco, mji uliokuwa na wakazi wapatao laki saba tu, ulipoteza watu takriban 20,000. Wengi wao walikuwa wanaume wa mapenzi ya jinsia moja, na baadhi yao walikuwa wamekataliwa na familia zao hata kabla hawajaugua. Yalikuwepo makampuni ya maziko yaliyoogopa kugusa maiti zao. Mwaka 1988 wakazi wachache wa mji huo, wakiwemo wataalamu wa kupanga bustani, waliochoka kutoka msiba mmoja kuingia mwingine, walianza kutafuta mahali ambapo wafiwa wangeweza kuombolezea wapendwa wao hadharani. Walichagua bonde liitwalo de Laveaga Dell, lenye ukubwa wa takriban hekta nne, ndani ya Golden Gate Park. Bonde hilo lilikuwa limetelekezwa, limejaa miiba na mimea ya kutambaa. Kazi ya kulifufua ilianza Septemba 1991, na leo pahali hapo panajulikana kama National AIDS Memorial Grove, bustani ya kitaifa ya kumbukumbu ya UKIMWI.

Tuitazame kazi yenyewe, kwa maana ndiyo kiini cha hoja hii. Watu wa kujitolea hukutana bondeni Jumamosi moja ya mwezi katika majira ya kazi. Wanavaa glavu, wanagawana majembe, reki na matoroli, kisha wanang'oa magugu, wanapogoa matawi na kutandaza matandazo kwenye mashina ya miti. Aliyefiwa na mume anachimba shimo moja na daktari aliyewatibu wagonjwa miaka ya themanini, au na mwanafunzi ambaye hakumjua hata mmoja wa marehemu. Wafanyakazi hao husimama pia katika duara, na anayetaka hutaja jina la mtu anayemkumbuka. Halazimishwi mtu. Sehemu nyingine ya bonde ina sakafu ya mawe ya mviringo yenye majina yaliyochongwa mstari ndani ya mstari, pete ndani ya pete. Humo mna majina ya waliokufa, ya waliobaki, ya waliouguza na ya waliochangia fedha. Jina ni jina tu. Halina maelezo ya nani aliumwa na nani alikuwa mzima. Anayesoma majina hayo hawezi kuwatenga wagonjwa upande mmoja na jamii yao upande mwingine, kwa sababu waliochonga hawakuwatenga.

Kwamba bustani ni bora kuliko mnara si jambo lililokubaliwa kirahisi hata na wenye bustani hiyo. Mwaka 2004 viongozi wake walianzisha shindano la kimataifa la kubuni alama kubwa itakayosimamishwa bondeni, kwa kuwa waliona Wamarekani wengi hawajui kuwa ukumbusho huo upo. Mwaka 2005 ushindi ulikwenda kwa mchoro wa Janette Kim na Chloe Town, uliopendekeza nguzo nyembamba nyeusi za kuonyesha msitu ulioteketea kwa moto. Mabishano yakazuka. Waliotetea mchoro walisema bonde limekuwa zuri kupita kiasi, na kwamba mgeni anaweza kutembea chini ya miti mirefu akaondoka bila kujua kuwa hapo panakumbukwa janga. Waliopinga, wengi wao wakiwa wale waliolima bonde hilo kwa mikono yao, walijibu kwamba ukumbusho tayari upo na wao ndio wanaoujenga kila mwezi. Mwishowe nguzo hazikusimamishwa. Kisa hicho kilielezwa katika filamu iitwayo The Grove, iliyotoka mwaka 2011.

Upande ulioshindwa ulikuwa na hoja nzito, na haifai kuipita juu juu. Uzuri unaweza kufunika dhuluma. Rais Ronald Reagan alitoa hotuba yake kubwa ya kwanza kuhusu UKIMWI mwezi Mei 1987, wakati Wamarekani zaidi ya 20,000 walikuwa wamekwisha kufa. Karibu nusu ya watu wenye hemofilia nchini humo, yaani ugonjwa wa damu kutoganda, waliambukizwa VVU kupitia dawa zilizotengenezwa kwa damu ambayo haikuwa salama. Mambo ya namna hiyo yanadai hasira, na kivuli cha mti kinaweza kumpoza mtu ambaye angepaswa kuuliza nani alizembea. Lakini hasira hiyo ilikuwa imekwisha kupata chombo chake. Tarehe 11 Oktoba 1987 mwanaharakati Cleve Jones na wenzake walitandaza vipande 1,920 vya kitambaa kwenye uwanja mkuu wa Washington, kila kimoja kikiwa na upana na urefu unaokaribia wa kaburi, ili serikali ione kwa macho ukubwa wa hasara. Tangu hapo kitambaa hicho kimefikia vipande vipatavyo 50,000 vyenye majina zaidi ya 100,000, na leo kinatunzwa na taasisi ile ile inayotunza bonde. Nayo bustani haikuwafunga mdomo waliodhulumiwa. Mwaka 2017 ilizinduliwa humo sehemu maalumu ya watu wa hemofilia, kwa sababu wafiwa wao walikuja kuidai. Bonde lenye watu wanaorudi kila mwezi linaweza kuongezewa ukweli uliosahauliwa. Nguzo za shindano zingebaki na maana ile ile ziliyopewa na wabunifu wake.

Hapa ndipo panapozuka swali kubwa: kutaja na kukumbuka kunamsaidia nini mtu aliye hai? Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na historia ya UKIMWI barani Afrika imethibitisha kwamba ufichaji huo huua pia wasiougua. Mtu anayeona haya kupima anaambukiza bila kujua, na anayeona haya kumeza dawa mbele ya mwenzake anakatiza matibabu. Mwezi Desemba 1998, katika kitongoji cha KwaMashu karibu na Durban, Gugu Dlamini alipigwa hadi kufa baada ya kujitangaza hadharani kuwa anaishi na VVU. Durban ililipa jina lake eneo la bustani katikati ya mji, ambako watu wanakatiza kwenda madukani na kazini. Yule ambaye majirani walitaka asitajike sasa anatajwa na kila anayeelekezana na mwenzake mahali pa kukutana. Bustani haikumrudisha. Lakini mji ulitamka kwa kitendo kwamba aibu ilikuwa ya waliomuua.

Uganda inatupa ushahidi wa karibu zaidi. Mwaka 1987 Noerine Kaleeba, aliyekuwa amefiwa na mumewe mwaka huo huo, alianzisha shirika la TASO pamoja na wenzake, wengi wao wakiishi na virusi, ili wagonjwa na jamaa zao wapate pa kusemea. Mwaka 1989 mwanamuziki Philly Lutaaya alijitokeza mbele ya umma na kusema ana UKIMWI, akazunguka shule na makanisa akiwaonya vijana, na akafariki Desemba mwaka huo. Maambukizi nchini Uganda yalishuka sana katika miaka ya tisini. Wachunguzi Rand Stoneburner na Daniel Low-Beer, katika jarida la Science mwaka 2004, walionyesha kuwa Waganda walipata habari za UKIMWI zaidi kwa kuzungumza na ndugu na marafiki kuliko raia wa nchi jirani, na wengi wao walimjua mtu aliyeugua au kufa kwa ugonjwa huo. Wataalamu bado wanabishana juu ya uzito wa kila sababu, na ni kweli kwamba vifo vyenyewe hupunguza idadi ya wanaoishi na virusi. Hata hivyo somo hili haliwezi kubezwa: ugonjwa wenye sura na jina la mtu unayemfahamu hubadili mwenendo wako kwa namna ambayo bango la barabarani haliwezi.

Msomaji anaweza kusema kwamba sisi hatuna haja ya kufundishwa kuomboleza. Tuna matanga, tuna arobaini, tuna hitma na ibada za kumbukumbu, na makaburi yetu tunayajua. Mkoani Kagera, ambako wagonjwa watatu wa kwanza wa Tanzania walitambuliwa mwaka 1983, familia nyingi huzika wafu wao nyumbani, kwenye shamba la migomba la ukoo. Hakuna anayesahaulika hapo. Pingamizi hili lina ukweli, ila linajibu swali lingine. Msiba wetu unamkumbuka mtu kikamilifu, lakini miaka ile uliificha sababu ya kifo kwa ustadi mkubwa. Msemaji wa familia aliposimama kusoma wasifu wa marehemu, alisema aliugua kwa muda mrefu, au alisumbuliwa na kifua, au aliachia watu wanong'one habari za mchawi. Kufikia 1986 kila mkoa wa Tanzania Bara ulikuwa umeripoti wagonjwa, lakini ni mwishoni mwa 1999 ndipo viongozi wakuu wa Tanzania na Kenya walipoutangaza UKIMWI kuwa janga la kitaifa. Migomba ya Kagera imewahifadhi watu mmoja mmoja, kila ukoo na wake. Bustani ya pamoja ingewaweka mahali pamoja wale ambao kila familia ilidhani imefiwa peke yake.

Wala si kweli kwamba ukumbusho wa namna hii ni mtindo wa kigeni usio na mizizi kwetu. Katika miaka ya tisini akina mama wa Uganda wanaoishi na VVU, kupitia chama chao cha NACWOLA, walianza kuandika vitabu vya kumbukumbu kwa ajili ya watoto wao. Mama aliandika mahali alipozaliwa, majina ya babu na bibi, chakula alichokipenda mtoto alipokuwa mdogo, na hatimaye ugonjwa wake mwenyewe. Ilimbidi amweleze mwanawe ukweli ili kitabu kiwe na maana, na mazungumzo hayo yalimwandaa mtoto kwa maisha ya baadaye kuliko urithi wowote wa mali. Hafla ya kuwasha mishumaa iliyoanzia San Francisco mwaka 1983 imekuwa ikifanyika pia katika nchi zetu, kwa kawaida Jumapili ya tatu ya Mei. Mbegu za desturi hii ziko kwetu tayari. Zinakosa ardhi ya kudumu, kwa sababu mishumaa inapozimika watu hutawanyika, na kitabu hubaki ndani ya sanduku la nyumba moja.

Pingamizi zito kuliko yote ni la fedha. Mwezi Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, ikitikisa mpango wa PEPFAR ambao tangu 2003 umekuwa nguzo ya matibabu ya VVU barani Afrika. Nani atazungumzia maua wakati wagonjwa wana wasiwasi wa dawa? Kwanza, tuangalie hesabu ya San Francisco. Sheria iliyolipa bonde lile hadhi ya kitaifa, iliyotiwa saini Novemba 1996, haikulifanya kuwa hifadhi ya taifa wala haikuilazimu serikali kuu kutoa fedha. Ardhi ilikuwa ya mji, na gharama zilibebwa na michango na nguvu za watu. Hakuna kidonge kilichouzwa ili mti upandwe. Pili, na hili ni kubwa zaidi, bajeti ya dawa hulindwa na watu wanaokumbuka maisha yalikuwaje bila dawa. Tanzania ilianza kutoa bure dawa za kufubaza VVU mwaka 2004. Kijana aliyezaliwa mwaka huo sasa ni mpiga kura, na hajawahi kuona kijiji kikizika kila wiki. Asipofundishwa, ataona fungu la VVU katika bajeti kuwa gharama kama nyingine yoyote, na siku likipunguzwa hatakuwa na sababu ya kupaza sauti.

Lipo pia suala la siri. Watu zaidi ya milioni moja na nusu wanaishi na VVU nchini Tanzania, na wengi wao wana haki na sababu za kutotaka hali yao ijulikane. Jina likichongwa kwenye jiwe bila ridhaa linaweza kuvunja ndoa au kumfukuzisha mtoto kwa mlezi. Hatari hii ni ya kweli, na jibu lake liko katika ile sakafu ya mawe iliyoelezwa hapo juu. Panapochongwa jina la aliyekufa karibu na la muuguzi wake, la mchungaji au imamu aliyemzika, la jirani aliyeleta uji, jina peke yake halifichui hali ya mtu yeyote. Familia isiyotaka hata hilo inaweza kupanda mti usio na jina. Kitu kimoja tu kinapaswa kuandikwa wazi langoni, nacho ni jina la ugonjwa wenyewe. Bila hilo tutakuwa tumejenga bustani nyingine ya kupumzikia, na ukimya utakuwa umepata makazi mapya.

Mwisho kuna wasiwasi wa watu wanaoijua miji yetu. Viwanja vya wazi huvamiwa, hugeuzwa jalala au huuzwa. Mwaka 1989 mwanaharakati wa mazingira Wangari Maathai alilazimika kupigana na serikali ya Kenya ili jengo la ghorofa nyingi lisimeze Uhuru Park jijini Nairobi. Lakini Maathai huyo huyo ametuachia njia ya kutokea. Tarehe 5 Juni 1977 yeye na wenzake walipanda miti saba Nairobi kwa heshima ya viongozi saba wa jamii za Kenya, na kutokana na mwanzo huo likakua vuguvugu la Green Belt. Wanawake wa vuguvugu hilo hawakulipwa kwa kupanda tu. Walilipwa kwa mche uliopona, baada ya kuutunza na kuhakikiwa. Kipimo hicho ndicho kinachofaa kwa bustani ya kumbukumbu. Isihesabiwe miti iliyopandwa siku ya uzinduzi mbele ya kamera na mgeni rasmi. Ihesabiwe iliyo hai miaka mitatu baadaye, na wahesabiwe watu waliokuja kuimwagilia kiangazi.

Kwa hiyo pendekezo ni la wazi na liko ndani ya uwezo wetu. Halmashauri za maeneo yaliyoumia mapema, kuanzia Kagera hadi Rakai nchini Uganda na maeneo ya kandokando ya Ziwa Victoria upande wa Kenya, zitenge kiwanja chenye hati, mahali panapopitiwa na watu wengi. Vikundi vya watu wanaoishi na VVU vipewe uongozi wa bustani tangu siku ya kwanza, kwa kuwa wao ndio waliobeba mzigo wa kujitokeza wakati kujitokeza kulikuwa hatari. Ipandwe miti ya kwetu, mivule, mikuyu na mikwaju, ambayo mafundi wa vitalu wa hapo wanaijua. Iwepo siku moja ya kazi kila mwezi, na shule za jirani zipewe zamu, ili mwanafunzi anayepalilia amuulize mzee aliye karibu naye ni nani anayekumbukwa chini ya mti ule, na mzee amjibu kwa jina la mtu na kwa jina la ugonjwa. Tarehe 1 Desemba, Siku ya UKIMWI Duniani, badala ya hotuba na fulana pekee, isomwe taarifa ya mwaka ya bustani pamoja na taarifa ya dawa katika wilaya, ili wanaokumbuka wafu wawadai viongozi uhai wa walio hai. Kazi hiyo haihitaji mfadhili wa kutuanzishia. Inahitaji ardhi, majembe, na watu walio tayari kusema.